Parachichi la Ulaya lina mlinzi, pera la mtoto wa Olasiti halina

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kitu kilicho nyuma ya nyumba zetu: ile miti ya matunda ambayo kila mtu anaipiga "dawa" na hakuna anayeuliza ni dawa gani. Mlioko cafe na mmelipia nusu saa tu, someni chap chap maana habari ni ndefu.

Nianze na hesabu. Tangu Novemba 2020 Umoja wa Ulaya umeshusha kiwango cha mabaki ya klopairifosi kinachoruhusiwa kwenye matunda mpaka miligramu 0.01 kwa kilo moja. Klopairifosi ni sumu ya wadudu iliyotumika dunia nzima kwa zaidi ya miaka 50. Kwa lugha ya mtaani, hiyo 0.01 maana yake ni gramu moja ya sumu kwenye tani 100 za matunda. Tani 100 ni kama Fuso kumi zimejaa mpaka juu. Gramu moja ni chumvi unayookota kwa vidole vitatu. Yaani Fuso kumi, chumvi ya vidole vitatu, na ikizidi hapo mzigo una matatizo.

Mei 2025 ikaja kubwa kuliko hiyo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule unaoshughulikia kemikali sumu zinazodumu muda mrefu kwenye mazingira, walikaa Geneva wakaiingiza klopairifosi kwenye orodha ya kemikali za kuachwa, ingawa waliacha milango kadhaa wazi kwa matumizi maalum ya muda. Wasiwasi mkubwa wa wataalamu ni ubongo wa mtoto anayekua, hata yule ambaye bado yuko tumboni.

Serikali yetu hizo habari inazijua vizuri, kwa sababu parachichi sasa ni biashara kubwa. Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda Beijing, ilisainiwa itifaki ya kuuza parachichi letu China. Na kila mnunuzi wa nje ana masharti yake kuhusu wadudu na mabaki ya sumu. Kazi ya kukagua na kutoa vyeti inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na makao makuu yake hayako Dar wala Dodoma. Yako hapa hapa kwetu, Ngaramtoni. Wazee mtaijua kwa jina la TPRI, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, kabla Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 haijaleta hii mamlaka mpya. Wana maabara ya kupima mabaki ya viuatilifu. Kwa hiyo vifaa vipo, wataalamu wapo, na kutoka Olasiti sio mbali kabisa.

Sasa tutoke Geneva na Beijing, tushuke Olasiti.

Kwa wasiopajua, Olasiti ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa magharibi, kule unakoelekea ukitoka mjini kwenda uwanja wa ndege. Zamani kulikuwa na mashamba na malisho. Siku hizi kila kona ni tofali, kokoto na nondo. Mtu anapata kiwanja chake 20 kwa 20, anashusha nyumba, na pale panapobaki anapanda parachichi, mpera, mpapai, migomba miwili mitatu. Akibahatika na mwembe. Sio kilimo cha biashara hicho. Ni tunda la watoto, ni kivuli cha kufulia nguo, na mwaka ukiwa mzuri mama anauza ndoo moja mbili kwa majirani.

Halafu matunda yanaanza kutoa funza. Mtu anaenda dukani.

Nilisimama kwenye duka moja la pembejeo, silitaji jina, kuna mama mtu mzima mbele yangu. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mwanangu, nina mpera, mapera yote yana funza. Dawa ipo?"

"Ipo mama. Unataka ya buku au ya buku mbili?"

"Nipe ya buku."

Kijana akachukua chupa ndogo ya maji ya kunywa, tupu, akamimina kitu cheupe kama maziwa ya kopo kutoka kwenye chupa kubwa, akafunga kizibo. "Kizibo kimoja kwenye maji, mama, unapiga." Mama akashukuru, akaweka kwenye mfuko mmoja na nyanya, akaondoka.

Hebu hesabuni vitu ambavyo mama yule hakupewa. Jina la sumu, hakupewa. Maji kiasi gani, hakuambiwa. Asubiri siku ngapi kabla mtoto hajapanda mti, wapi! Afanye nini ikimwagikia mkononi, hakuna. Vyote hivyo vilikuwa vimeandikwa kwenye lebo, na lebo ilibaki dukani. Alichoondoka nacho ni kimiminika cheupe ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwenye nyumba yenye watoto. Huyo mtoto akirudi shule na kiu je?

Kabla hamjaanza kumtukana kijana wa dukani, ngojeni. Mimi naona lawama zote kwake ni kumwonea. Sheria inataka viuatilifu viuzwe na mwenye kibali, vikiwa vimesajiliwa, kwenye kifungashio chake chenye lebo. Sawa. Lakini chupa zinatengenezwa kwa ajili ya mwenye shamba. Mtu mwenye mpera mmoja anahitaji mil 5 au 10 kwa msimu mzima. Akinunua chupa nzima atatoa hela ya mboga ya wiki, halafu inayobaki itakaa miaka chini ya kitanda, na hilo nalo ni balaa jingine. Kwa hiyo soko limejitafutia njia, na njia yenyewe ni chupa ya maji. Miji yetu imejaa watu wenye mti mmoja mmoja, ila biashara ya viuatilifu bado inamuona mkulima wa ekari tu.

Kuna na chanzo kingine ambacho Olasiti kinatuhusu sana, nacho ni ujenzi. Mkijenga msingi, fundi anamwaga dawa ya mchwa. Sumu za mchwa nyingi zilizotumika miaka yote hii ni hiyo hiyo klopairifosi. Nyumba ikiisha, chupa inabaki stoo na robo ndani. Miaka miwili baadaye parachichi lina wadudu, mtu anakumbuka "si tuna dawa ile ya msingi?" Nimeshaiona hiyo kwa macho yangu, zaidi ya nyumba moja. Kitu ambacho Geneva wanakitoa duniani, kwetu kinahama kutoka msingi wa nyumba kwenda kwenye tunda. Ukikuta chupa ya namna hiyo na lebo bado ipo, soma ile sehemu ya kiambato, neno refu linaloanza na "chlor" na kuishia na "fos". Ukiliona, hiyo isiguse mti wa matunda wa nyumbani, hata kama mwenye nyumba anasema mbona mwaka jana tulipiga na hatukufa.

Sasa ngoja niwape jambo ambalo likieleweka, nusu ya hizo chupa hazitanunuliwa kabisa.

Funza wa mapera na maembe ni mtoto wa inzi wa matunda. Kuna inzi wa asili hapa Afrika siku zote, lakini aliyetuchakaza ni mgeni kutoka Asia, wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis. Alionekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Watafiti wa ICIPE pale Nairobi na wenzao wa SUA Morogoro wamemfuatilia tangu wakati huo. Anapenda maembe kuliko yote, mapera nayo hayamtoshi, na mengine kibao.

Huyu inzi jike anatoboa ganda la tunda linalokaribia kukomaa, anaweka mayai ndani. Baada ya siku mbili hivi mayai yanaanguliwa, funza wanakula nyama ya tunda wakiwa ndani kwa ndani. Tunda linaanguka. Funza anatoka, anajichimbia kwenye udongo sentimita chache, anageuka buu, halafu anatoka inzi mpya, anapanda juu ya mti uleule. Mchezo unaanza upya.

Umeona tatizo? Unapoona funza, yeye yuko ndani ya tunda. Dawa unayopiga inakaa juu ya ganda. Zile sumu nyingi za kugusa hazimfikii kabisa. Unachofanya ni kumpaka sumu mlaji wa mwisho, ambaye ni mtoto wako, wakati funza anaendelea kula kwa raha zake akiwa kwenye kivuli. Na pera halimenywi! Mtoto analichuma, analifuta kwenye shati la shule, anakula na ganda lake. Zile sumu zinazoingia ndani ya tunda nazo zipo, hizo zinaweza kumfikia funza, lakini kwa maana hiyo hiyo huwezi kuziosha kwa maji. Chagua mwenyewe.

Kinachomuuma kweli huyu inzi ni usafi. Okota matunda yote yaliyoanguka, kila siku au angalau mara mbili kwa wiki, na yale yaliyooza mtini yachume. Usiyatupe jalalani wala kwenye shimo la mbolea la juu juu, maana hapo umemhamishia tu kitanda. Chimba shimo lenye kina cha nusu mita na zaidi, fukia. Kama kiwanja chako kimejaa zege na huna pa kuchimba, yatie kwenye mfuko mweusi wa nailoni wa taka, funga kabisa, weka juani siku kadhaa. Joto linawamaliza. Kuku wa kienyeji wakichakura chini ya mti wanakula mabuu bure, tena wanafurahi. Ila ukishapiga sumu mti huo, hao kuku nao wanaila, na mayai yao unakula wewe.

Njia nyingine ni kulivalisha tunda. Likiwa bado dogo na gumu, kabla inzi hajalitamani, livalishe mfuko wa gazeti, funga kwa uzi au pini ya nguo. Kwa mti mmoja wa mpera ambao matawi yake unayafikia, ni kazi ya Jumamosi moja ya vijana wawili. Inachosha, sikatai. Wengine wananicheka wakiona mti umevaa magazeti. Lakini mkulima wa ekari kumi ndiye mwenye sababu ya kukwepa kazi hiyo, wewe wa mti mmoja unakwepa nini? Na chuma mapema kidogo, tunda likianza tu kubadilika rangi, liivie ndani. Kuna na mitego ya kuvutia inzi dume, inauzwa. Inasaidia zaidi mkitega mtaa mzima, kwa sababu inzi wa jirani hajui mpaka wa kiwanja.

Wale weupe weupe kama pamba kwenye mpapai, vidung'ata, na wale wadudu mafuta wanaokunja majani machanga, hao ni laini. Maji ya sabuni ya kawaida yaliyozimuliwa, unayarusha yakawagonge wenyewe, unarudia baada ya siku chache. Anza kwenye majani machache uone kama hayaungui. Jani lililojaa kabisa, likate. Mwarobaini nao unafanya kazi kwa wadudu wengi wa aina hiyo, polepole, usitegemee waanguke hapo hapo kama mbu.

Haya, kuna anayeniambia: kaka, nimefanya yote hayo, bado mti wangu unakufa, lazima nipige. Sawa, sio mbishi mimi. Basi piga kama mtu anayejua ameshika sumu.

Kwanza chupa yenye lebo, kutoka duka lenye kibali. Ukiona bei inauma, changeni nyumba tatu nne mnunue ndogo kuliko zote, halafu mmoja mwenye stoo ya kufuli aitunze. Chini ya lebo kuna ukanda wa rangi. Nyekundu ni hatari kabisa, njano hatari ya kati, bluu kidogo, kijani ndogo zaidi. Nyekundu haina kazi kwenye nyumba ya kuishi watu. Njano mimi nisingeiweka kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 chenye watoto, huo ni msimamo wangu na mnaweza kunibishia. Halafu angalia kama zao lako limetajwa. Iliyosajiliwa kwa pamba au kwa maua haikupimwa kwa ajili ya tumbo lako.

Pili, zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kila kiuatilifu kina zake, zingine siku 3, zingine 7, zingine 14 na zaidi. Mwenye shamba anaandika kwenye daftari. Nyumbani nani anaandika? Baba anapiga Jumamosi, Jumatatu watoto wako juu ya mti. Tafuta kitambaa chekundu, funga kwenye shina, waambie watoto kwamba kikiwepo hakuna kuchuma. Na kama mti una matunda yaliyoiva, chuma yote kwanza ndio upige.

Tatu ni kipimo, na hapa ndipo penye kasheshe ya "kizibo kimoja". Nilichukua kizibo cha soda ya plastiki nikakijaza maji, nikapima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kiliingia zaidi ya mil 5. Sasa tuseme lebo inasema mil 20 kwa maji lita 20. Hiyo ni mil 1 kwa lita. Kibomba cha mkononi cha nyumbani ni lita 2, kwa hiyo unatakiwa mil 2. Ukiweka kizibo umezidisha mara mbili na nusu na kupita. Sindano tupu haina bei ya kutisha. Nunua moja, iandike SUMU kwa maka peni, isirudi jikoni milele.

Halafu upepo. Viwanja vyetu vimebanana, ukipiga mpera wako umepiga na kamba ya nguo za jirani, vyombo vyake vimeanikwa kwenye kichanja, na mtoto wake anayetambaa. Piga jioni au alfajiri upepo umetulia, waambie majirani waingize vitu. Mti ukiwa na maua acha kabisa. Parachichi linahitaji nyuki kushika matunda, ukiua nyuki usije kulalamika mwaka huu halikuzaa. Na mti mrefu kuliko wewe mara tatu, usiupige kwa bomba la mkono ukiwa umesimama chini yake, maana yote yanakurudia usoni.

Kuna jambo la maji ambalo sijaona mtu analisema. Arusha na Meru yote tunajua habari ya floraidi, meno ya rangi ya chai sio siri. Mradi mkubwa wa maji wa Sh bilioni 520 umesaidia, lakini nyumba nyingi bado zinakinga maji ya mvua bati zima mpaka kwenye simtanki, na maji hayo ndiyo ya kunywa kwa sababu hayana floraidi. Angalieni sasa parachichi lako limeinamia wapi. Juu ya bati! Unapiga sumu Jumamosi, nusu inatua kwenye bati, mvua ya Jumanne inaisukuma yote kwenye tanki. Tunakimbia sumu ya ardhini tunaikuta ya juu. Kama tawi liko juu ya bati unalokingia maji, likate au usilipige. Na ukishapiga karibu, ondoa bomba la kukingia, mvua za kwanza zimwagike chini.

Mavazi: mikono mirefu, suruali ndefu, buti, glovu za mpira zisizotoboka, kitu cha kukinga macho. Ile barakoa ya kitambaa ya enzi za corona haizuii mvuke wa sumu. Nguo za kupigia zifuliwe peke yake, na afue aliyepiga. Naona mara nyingi baba anapiga, nguo anafua mama au dada kwa mikono mitupu kwenye beseni moja na nepi. Hiyo hapana.

Mtu atasema haya ni mambo ya kutishana, watu wanapiga miaka yote. Kuna utafiti wa Vera Ngowi na wenzake uliochapishwa 2007, uliwahoji wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania, yaani huku huku kwetu. Asilimia 68 walisema wameshawahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga: ngozi, kizunguzungu, kichwa. Karibu theluthi moja walikuwa wanachanganya sumu tofauti kwenye bomba moja, na hakuna lebo wala bwana shamba aliyewaelekeza mchanganyiko huo. Hao ni watu wa kazi hiyo kila siku. Mama wa mpera mmoja hajawahi hata kuhojiwa.

Na ikitokea mtu amemeza au imemwagikia, tuachane na ile habari ya "mpe maziwa". Maziwa sio dawa ya sumu hizi. Kumtapisha nako usithubutu, kwa sababu nyingi zimechanganywa na mafuta ya jamii ya petroli, yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu. Mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi, kama ni macho yasafishe kwa maji safi yanayotiririka, mpeleke hospitali haraka, na NENDA NA CHUPA YENYE LEBO. Ukimuona anatoka mate na jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi inakata, usisubiri hata bodaboda ya bei poa. Daktari ana dawa za kusaidia, lakini anahitaji kujua ni sumu gani. Sasa rudini kwa mama wa ya buku. Akifika hospitali saa mbili usiku na chupa ya maji ya kunywa, daktari anasoma nini pale?

Ndio maana nasema hili ni la utawala kuliko la elimu ya mtu mmoja mmoja. Maafisa ugani wanahesabiwa kwa wakulima, na sisi wa mitaa ya jiji sio wakulima kwenye karatasi ya mtu yeyote. Aprili 2025 Waziri Bashe alipozuia mazao kutoka Afrika Kusini na Malawi, halafu zuio likaondolewa baada ya siku chache, tuliona jinsi nchi inavyoweza kusimama ngangari kwa ajili ya ndizi inayovuka mpaka. Nguvu hiyo naikubali. Ninachouliza ni pera lisilovuka hata geti la nyumba, liko chini ya nani?

Sidhani kwamba dawa yake ni kuwavamia wenye maduka na kufunga. Wakifungiwa, ya buku itauzwa na machinga kwenye begi, na hapo ndio hutamjua hata aliyeuza. Kinachotakiwa ni vifungashio vidogo halali, mil 5 na mil 10, vyenye lebo ya Kiswahili kwa herufi zinazosomeka na mtu mzima asiye na miwani, vya zile sumu za ukanda wa kijani na bluu tu. Shampoo, sabuni ya unga, majani ya chai, vyote vinauzwa kwenye pakiti ya mia mbili. Wenye viwanda hawashindwi. Mamlaka iko Ngaramtoni, ikiamua kusema "kwa miti ya nyumbani tunasajili na hizi ndogo", tutaona. Na wakati tunasubiri, afisa mmoja na kipaza sauti kwenye mkutano wa mtaa kabla ya msimu wa maembe, aseme tu ile habari ya funza kuwa ndani ya tunda, inatosha kuwaacha watu wengi na buku yao mfukoni.

Makopo matupu nayo, kwa kuwa kuna aliyeniuliza wiki iliyopita: suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishe kwenye bomba unalopigia, toboa kopo, lirudishe dukani ukawaulize wanalipeleka wapi. Usilichome, moshi wake ni sumu. Na usimpe mtu akawekee mafuta ya taa.

Wenye maduka mnaosoma hapa, hamjatajwa na hamtatajwa. Semeni tu ukweli hapo chini: chupa ndogo kuliko zote yenye lebo mnayouza ni mil ngapi, na ni shilingi ngapi? Na wengine andikeni mtaa wenu, Olasiti, Kwa Mrombo, Sakina, Ngaramtoni kwenyewe, popote, mseme kama ya buku ipo.